Maumivu Baada ya Chanjo na Kiapo cha Hasira

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu wa darsa wamenitaka niyaandike maneno niliyoyasema mbele yao usiku wa kuamkia Ijumaa, ili wayasome na wenzetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu. Nilisitasita, kwani sehemu kubwa ya maneno hayo ni aibu yangu mwenyewe. Lakini Maalim wetu akaniambia, "Ulipokosea ulikosea barazani, mbele ya watu. Basi na kujirudi kwako nako kuwe mbele ya watu." Sikuwa na jawabu. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mtu wa pwani niliyehamia Taveta kwa biashara ya kanga na vitambaa. Mji huu u mpakani, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, hukutana hapa watu wa Taita, wa Taveta, wa Uchagani na wa pwani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 nilikuwa Mombasa kununua mali, na katika siku zile mji ulikuwa umeshikwa na homa ya chikungunya. Nami nikashikwa. Homa ilinitoka baada ya siku chache, lakini viungo havikunitoka. Vifundo vya mikono, magoti na vifundo vya miguu vilikaza, na tangu siku hizo sikupata mwezi mzima bila kuumwa. Kuna siku hunipungukia nikasahau, na kuna siku nikashindwa hata kufunga kifungo cha kanzu.

Jina la maradhi haya ni la kwetu Afrika Mashariki. Ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kupindika, kwani mwenye kuumwa huenda amejipinda. Matabibu waliyatambua mara ya kwanza mwaka 1952, katika nchi ya Wamakonde kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 yaliingia Lamu yakaushika mji karibu wote. Mbu anayeyaeneza huuma mchana, na huzaliwa katika maji safi ya majumbani mwetu, ndani ya mapipa, mitungi na makopo tuliyoyaacha wazi. Hili nalitaja kwa sababu kufunika chombo cha maji ni katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), na lau tungelishika funzo hilo dogo, wengi wetu tusingekuwa tukijikokota leo.

Basi mwaka 2021, ilipokuja chanjo ya korona, serikali ilitoa fursa kwa watu wa umri wangu kuchanjwa mwanzo. Mwisho wa Shaaban nikaenda zahanati. Muuguzi, binti wa Kitaita mwenye adabu, akaniuliza, "Baba, una maradhi yoyote ya siku nyingi? Kuna dawa unazotumia?" Nikamjibu, "Mimi mzima, mwanangu." Nilisema hivyo kwa haraka ya kurudi dukani na kwa kuona haya mbele ya vijana waliokuwa wamepanga foleni. Sikumwambia habari ya viungo, wala habari ya dawa ninazomeza. Kosa la kwanza likawa langu, si lake.

Usiku ule mkono uliuma na mwili ukapata joto, kama nilivyoambiwa. Siku ya pili joto likapungua. Siku ya tatu, viungo vyote vilivyokuwa vimetulia vikaamka pamoja. Magoti yalivimba, vidole vikakataa kukunjika, na mgongo ukawa kama umefungwa kwa kamba. Na mwezi wa Ramadhani ndio kwanza umeandama.

Ahali yangu akaniambia, "Leo kula, umeze dawa, utalipa ukipona." Nikamkemea. Nilimwambia kuwa sijaiacha Ramadhani tangu kubaleghe kwangu, na sitaiacha kwa ajili ya sindano. Nikafunga bila dawa. Daku nilikuwa sili kwa maumivu, na futari sili kwa uchovu. Tarawehe nilitaka kuisimama yote, nikaanguka katika rakaa ya nne, wakanichukua vijana mpaka nyumbani. Siku ya sita nililala juu ya mkeka nisiweze kugeuka.

Wakaja watu wa baraza kunizuru, Mwenyezi Mungu awalipe kheri kwa nia zao. Mmoja akasema, "Tulikwambia. Sindano ile ni sumu." Mwingine akasema kwamba nimerogwa na mwenye wivu wa biashara, na kwamba yuko mganga upande wa pili wa mpaka ambaye angetazama. Wa tatu akaja na unga katika karatasi, usiokuwa na jina wala asili, akasema kuwa huondoa maumivu siku ile ile. Nami, katika ghadhabu ya maumivu, nikainua mkono mbele yao nikasema, "Wallahi, sitachanjwa tena maisha yangu, wala hatachanjwa mtu wa nyumba hii!"

Wakanyamaza wote. Mzee mmoja miongoni mwao, mtu mpole, rafiki yangu wa miaka mingi, akatikisa kichwa akasema, "Basi na mimi siendi. Nilikuwa niende kesho." Nayakumbuka maneno yake mpaka leo, na nitayarudia mbele.

Maalim alikuja baada ya alasiri. Alinikuta nalia, akakaa chini ubavuni mwangu, akaniacha mpaka nikatulia. Kisha akasema, "Sikuja kukulaumu kwa kuumwa. Wala sikuja kukulaumu kwa kulia. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakafifia kwa huzuni, na sabri yake ikaitwa nzuri, kwa kuwa mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Nabii Ayubu alisema mbele ya Mola wake kuwa dhara imempata, na Qurani ikamsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Kusema 'naumwa' si kukosa sabri. Mtume wetu mwenyewe alipokuwa na homa alisema kuwa homa yake ni kama ya watu wawili. Lakini ami, umefanya makosa matatu, na matatu haya hayakutoka katika sindano."

Makosa hayo matatu ndiyo niyatakayo kuyaeleza, kwani nimeona kuwa si yangu peke yangu.

Kosa la kwanza ni kuikataa ruhusa ya Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Baqara, palepale ilipofaradhishwa saumu, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na tumeambiwa kuwa Mola wetu atutakia wepesi wala hatutakii uzito. Mgonjwa atarajiwaye kupona atalipa siku zake. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona atatoa mudi ya chakula kumpa maskini kwa kila siku. Hiyo ni sheria, wala si udhaifu. Mwenye kujitia katika madhara hali ya kuwa amefunguliwa mlango, hakuwa mcha Mungu zaidi ya aliyeufungua mlango. Maalim aliniuliza, "Mfalme akikupa zawadi ukairudisha mbele ya watu, huko ni kumheshimu?" Nikanyamaza.

Na katika sala ni hivyo hivyo. Imran bin Huswein (R.A.), sahaba aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimuuliza Mtume habari ya sala yake. Akafundishwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Hakuambiwa aanguke kwanza ndipo akae. Basi mwenye magoti mabovu na akae juu ya kiti, na asione haya mbele ya safu. Mwenye kudhurika kwa maji baridi na ayapashe moto. Ikiwa tabibu amemkataza maji kabisa, basi atayammamu. Tarawehe ni sunna, na kuulinda mwili usiangamie ni wajibu. Mtu hauvunji wajibu kwa kuijenga sunna.

Kosa la pili ni kuyafanya maumivu yangu kuwa hukumu juu ya chanjo. Hapa yatupasa tuseme haki, na haki ina pande mbili.

Upande wa kwanza: maumivu yangu yalikuwa ya kweli, na mtu asiniambie kuwa niliyawaza tu. Chanjo huja kuwazindua askari wa mwili, ili wamjue adui kabla hajafika. Askari wakizinduka, mwili hupata joto, uchovu na maumivu ya siku moja mbili. Lakini yuko mtu ambaye askari wake wamekwisha kuwa macho na ghadhabu katika viungo vyake kwa maradhi ya siku nyingi, kama mwenye baridi yabisi. Mtu huyo huenda ghasia ikamzidi kwa siku au kwa majuma. Jambo hili matabibu walijua na waliliandika. Jumuiya ya matabibu wa baridi yabisi ya Ulaya iliweka daftari ya wagonjwa zaidi ya 5,000 waliochanjwa korona. Katika kila wagonjwa 100, wapatao wanne ndio maradhi yao yaliyopanda, na waliozidiwa sana hawakufika mmoja katika 100. Basi ajaye kumwambia mgonjwa kuwa chanjo haina taabu yoyote hakusema kweli; na mwongo, hata akisema kwa nia njema, huwafungulia njia waongo wenye nia mbaya. Kwani siku mtu atakapoumwa, atasema: walinificha hili, je, wamenificha mangapi?

Upande wa pili: kwamba niliumwa haikupi wewe dalili kuwa ile ni sumu. Lau maumivu yangekuwa dalili ya sumu, basi tungeacha kutahiri watoto wetu, na tungeacha kung'oa jino bovu. Hukumu hupimwa kwa faida na dhara zote mbili, na kwa watu wengi, si kwa mtu mmoja aliyelala juu ya mkeka.

Hebu natuwakumbuke wazee wetu. Wengi wao walikuwa na alama ya duara katika mkono, alama ya chanjo ya ndui. Maradhi hayo yalikuwa yakiua na kupofua tangu zamani. Tabibu wetu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika kitabu akipambanua ndui na surua, na kitabu hicho kilisomwa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka. Katika nchi ya Waturuki watu walikuwa wakichanja kwa usaha wa ndui yenyewe kabla ya Edward Jenner wa Uingereza kuonyesha, mwaka 1796, njia iliyo salama zaidi kwa ndui ya ng'ombe. Basi mwenye kusema kuwa kuchanja ni jambo lililozuliwa na makafiri ili kuwadhuru Waislamu, na asome kwanza.

Na mwisho wa ndui ulikuwa wapi? Ulikuwa katika pwani yetu hii, kwa ndugu zetu wa Benadir. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya mji wa Merka, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa karibu naye, lakini, kwa kauli yake mwenyewe ya baadaye, alikuwa akiikimbia kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mwenyezi Mungu akampa uzima akapona. Mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imekwisha duniani. Na Ali je? Alitumia miaka yake ya mwisho akizunguka Somalia kuwahimiza wazazi wawape watoto chanjo ya polio, akiwasimulia khofu yake ili wasiirithi. Akafariki Julai 2013, yumo katika kazi hiyo. Niliposomewa kisa hiki na Maalim, niliona kama kwamba nasomewa habari zangu.

Na sisi wa Taveta tuna somo jingine mlangoni petu. Yeyote ajaye hapa kwa njia ya Voi hukipita kilima cha Salaita, walipopigana Waingereza na Wajarumani Februari 1916. Watu hukitazama wakakumbuka mizinga. Lakini katika vita vile vya Afrika Mashariki, maradhi yaliangusha watu wengi mno kuliko risasi: malaria, kuhara damu na mengineyo, na waliokufa zaidi ni wapagazi, watu wetu wa pwani na bara. Adui asiyeonekana ndiye aliyeua. Mwenye akili hamngoji adui wa namna hiyo mpaka amwone.

Ama yule aliyenitajia mganga, namwambia neno moja. Nikienda kwa mpiga ramli nitaambiwa jina la jirani yangu. Viungo vyangu vitabaki vinauma, na ujirani nao utakuwa umekufa. Huo ndio uponyaji? Na yule wa unga usio na jina, namwambia kuwa Mtume wetu ametuhimiza kutafuta dawa, na dawa ni kitu kijulikanacho kipimo chake na madhara yake. Unga uondoao maumivu ya miaka mitatu kwa saa moja una kitu ndani yake, na muuzaji hakwambii ni kitu gani. Figo na tumbo ndivyo vitakavyokuja kukwambia.

Kosa la tatu ni kiapo. Mimi nilidhani kuwa kwa kuwa nimekwisha apa, mlango umefungwa, na kurudi nyuma ni kumvunjia heshima Mwenyezi Mungu. Maalim akanifahamisha kuwa ni kinyume cha hivyo. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa kizuizi cha kutenda wema. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa aliyeapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alitende lililo bora na atoe kafara.

Na kafara yenyewe wengi hapa pwani huikosea. Utamsikia mtu akisema, "Nimevunja yamini, nitafunga siku tatu," na huku ana duka na gari. Si hivyo. Katika Suratul Maida kafara imepangwa: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyepata hayo ndiye afungaye siku tatu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kila maskini hupewa mudi moja ya chakula cha mji, na yafaa kuitoa kafara ya chakula kabla ya kukivunja kiapo. Basi mwenye uwezo aliyefunga siku tatu amefunga, na kafara yake bado iko shingoni.

Nikangoja mpaka viungo vikatulia, na vilitulia baada ya kama majuma matatu. Mwezi wa Julai, siku ya soko, nikatoa mchele kwa maskini kumi wa mji huu. Kisha nikarudi zahanati kwa sindano ya pili. Mara hii nilimwambia muuguzi kila kitu, nikamwonyesha na dawa zangu. Akaniita kando, akamwita tabibu, wakanieleza nifanye nini. Niliumwa tena, sitawaficha. Lakini niliumwa siku nne, na nilikuwa nimejiandaa, na sikuwa na khofu. Maumivu yenye kujulikana ni mepesi kuliko maumivu yenye kutishwa.

Sasa narudi kwa rafiki yangu, mzee wa baraza. Nilipopona nilimwendea nyumbani. Nikamwambia kuwa nilisema kwa hasira, kwamba kiapo changu nimekitolea kafara, na kwamba twende pamoja. Akacheka akasema, "Wewe nilikuona kwa macho yangu. Maneno yako ya leo nayasikia tu." Nikamwendea mara ya pili, akaniambia nimwache. Katika wimbi la korona la miezi ya Julai na Agosti 2021 akashikwa, na mwisho wa Agosti tukamzika. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Mimi sisemi kuwa lau angelichanjwa angeliishi. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na waliochanjwa nao walikufa baadhi yao. Lakini nasema kuwa aliuacha mlango mmoja wa usalama kwa sababu ya neno langu, na neno lile sikulisema kwa elimu. Nililisema kwa maumivu. Ulimi wa mgonjwa husikilizwa kuliko wa mzima, kwani watu humwonea huruma na humwamini. Kwa hiyo mgonjwa ana amana kubwa kuliko alivyojua. Aseme, "Naumwa hapa na hapa." Asiseme, "Kwa hiyo nyinyi nyote msifanye," mpaka aulize wenye kujua. Mwenyezi Mungu ametuamuru tuwaulize wenye kujua ikiwa hatujui, na hakutuambia tuulize baraza.

Ndugu zangu, korona haikuwa ya mwisho, na chanjo hazijaisha. Mwenye kwenda Hija hana budi kuchanjwa homa ya uti wa mgongo, na wengi wa mahujaji wetu ni wazee wenye viungo kama vyangu. Watoto wetu wachanjwa polio, surua na pepopunda. Basi nawapa wenzangu wenye maumivu ya siku nyingi wasia huu, niliojifunza kwa gharama.

Kabla ya sindano, mwambie muuguzi maradhi yako yote na dawa zako zote, na ikiwa chanjo yoyote iliwahi kukudhuru, mwambie. Usiache dawa zako za kila siku wala usizidishe ila kwa amri ya tabibu. Chagua siku ambayo kesho yake huna kazi nzito wala safari. Mwenye nia ya Hija asingoje siku za mwisho. Na achanjwe mapema, ili maumivu yakija yamkute nyumbani na si katika ndege.

Maumivu yakipanda, pumzika siku moja au mbili, lakini usilale juma zima, kwani kiungo kisichotikiswa hukaza. Tembea kidogo ndani ya nyumba, kunja na kunjua vidole katika maji ya vuguvugu. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa humtosha mtu wengi wa siku. Ama diklofenaki na jamaa zake, mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, shinikizo la damu au maradhi ya moyo asizinunue dukani kwa kukisia. Andika kila siku umeumwa wapi na kwa kadiri gani. Mimi nilipoandika niliona kuwa siku ya tano ilikuwa nyepesi kuliko ya tatu, na lau nisingeandika ningeapa kuwa zote ni sawa.

Na usingoje nyumbani ukiona mojawapo ya haya: pumzi kukukatika, kifua kuuma, uso au ulimi kuvimba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuzimia, au kiungo kimoja kuwa chekundu na moto pamoja na homa kali. Hayo ni ya hospitali saa ile ile, mchana au usiku. Na maumivu yakiendelea zaidi ya majuma mawili bila kupungua, mrudie tabibu umwonyeshe ulichoandika.

Nanyi mlio karibu na mgonjwa, msimzuru kwa kumletea hukumu. Mtume wetu alipomkuta Umm Saib akitetemeka kwa homa na kuilaani, alimkataza kuilaani, akamfahamisha kuwa homa huondoa makosa ya binadamu kama tanuri liondoavyo taka za chuma. Hilo ndilo neno la kumpelekea mgonjwa: kwamba maumivu yake hayapotei bure. Mchotee maji. Mpashie moto. Mfungulie duka lake siku ya soko, kama vijana wa darsa walivyonifanyia mimi, Mwenyezi Mungu awabariki. Kisha ondokeni mapema.

Na wewe mwenzangu uliyelala leo usiweze kugeuka, usitamani mauti, kwani Mtume ametukataza. Omba kama alivyotufundisha kuomba: uhai ukiwa uhai ni kheri kwako, na mauti yakiwa mauti ni kheri kwako. Kula siku uliyoruhusiwa kula. Kaa pale uliporuhusiwa kukaa. Na ukitaka kuapa, uma ulimi wako mpaka maumivu yapungue.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na wale uliowakadiria kukaa na maumivu wape sabri na wenzi wema. Msamehe rafiki yangu, na unisamehe neno lililotoka kinywani mwangu mbele yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.